Gemu kwenye Kompyuta ya Shangazi

Kila siku ya shule, Mwanvita alifika nyumbani Fukayosi saa tisa na nusu alasiri. Alivua viatu mlangoni, akanawa miguu, akabadili sare na kula chakula alichoachiwa chini ya kawa. Akishamaliza kufagia ua, alikaa kwenye meza ya shangazi yake, Habiba, kufanya kazi za shule.

Juu ya meza ile palikuwa na kompyuta mpakato ndogo na nyembamba, ambayo mtu angeweza kuibeba kwapani kama daftari. Shangazi Habiba aliitumia kwa kazi yake. Alikuwa na kikundi cha wanawake wasukaji mikeka, na kwa mwaka mzima alizunguka vijijini, Fukayosi hadi Kiwangwa, akiwarekodi bibi wazee wakionesha namna ya kuchambua majani ya ukindu, kuyatia rangi, kusuka ukili, yaani ule ukanda mrefu, na kuushona uwe mkeka. Video hizo zilikusudiwa kuwafundisha wasichana ambao hawakupata bibi wa kuwafundisha. Kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa na nafasi ndogo, alizihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi nyembamba yenye ukubwa wa ukucha, iliyochomekwa ubavuni.

Mwanvita alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Wazazi wake walikuwa Saadani, ambako baba yake alifanya kazi hifadhini, naye aliishi na shangazi tangu darasa la tatu. Siku shangazi alipomwambia nywila ya kompyuta, alimkalisha chini kwanza.

"Nakupa kwa sababu nakuamini," alisema. "Utaitumia kwa masomo, na utanisaidia kuandika majina ya kina bibi. Kitu usichokijua usikiguse. Ukiwa na shaka, niulize. Sijawahi kukukaripia kwa kuuliza."

"Sawa, shangazi," Mwanvita alijibu, na kwa miezi mitano alitimiza ahadi yake.

Katika likizo fupi, Najim, mtoto wa baba yake mdogo, alikuja kuwatembelea kutoka Bunju. Alikuwa na miaka kumi na mitano na mfukoni alikuwa na flashi. Ndani ya flashi ile mlikuwa na gemu ya mbio za magari, ile ile ambayo Mwanvita aliwahi kuicheza kwa akina Najim kwenye kompyuta kubwa ya mezani. Tangu siku hiyo alikuwa hajaisahau. Alikumbuka gari jekundu likikata kona, watu wakishangilia kando ya barabara, na namna alivyomshinda Najim mara mbili mfululizo.

"Hii ya shangazi inaweza kuicheza?" aliuliza.

Najim aliitazama kompyuta juu juu. "Kompyuta ni kompyuta. Ina kioo na ina vitufe. Kwa nini isicheze?" Alipoondoka alimwachia flashi.

Jumapili iliyofuata shangazi alikwenda Kiwangwa kwenye kikao cha kikundi. Mwanvita alichomeka flashi akaanza kuiweka gemu. Kompyuta ikamwandikia kwamba nafasi haitoshi. Akajaribu kuiweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Nako nafasi haikutosha. Alifungua kadi akaona video kumi na moja, nyingine kubwa sana, na majina yake yalikuwa tarakimu tupu.

Aliifungua moja. Ilionesha mikono ya mwanamke mzee, yenye vidole virefu vilivyopauka kwa ukindu, na sauti ikisema taratibu, "Hapa ndipo wengi wanapokosea. Unarudisha mbili, unaacha moja. Usipoacha moja, nakshi yote inakwenda upande."

Mwanvita aliitambua sauti ile mara moja. Ilikuwa ya Bi Sikuzani, bibi yake Adila, na Adila alikuwa rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Aliifunga video haraka. Alijiambia kwamba bila shaka shangazi alikwishazihamishia kwenye kompyuta ya ofisi ya kikundi, Bagamoyo. Hakuwa na hakika. Angeweza kusubiri jioni akauliza, lakini alijua kwamba akiuliza atajibiwa, na jibu huenda asilipende. Akachagua video nne kubwa kuliko zote, ile ya Bi Sikuzani ikiwamo, akazifuta.

Gemu iliingia. Mwanvita alivuta kiti karibu, akachagua gari jekundu.

Gari halikwenda. Lilisimama kitambo, likaruka mbele ghafla, likasimama tena. Alipobonyeza kwenda kushoto, lilingoja mpaka alipokwisha kuachia kitufe ndipo likageuka, likajigonga ukutani. Sauti ilikwaruza kama redio iliyokwisha betri. Haikupita nusu saa, sehemu ya chini ya kompyuta ikawa ya moto kama pasi, na betri, ambayo siku zote ilimtosha shangazi kuandika tangu asubuhi hadi jioni, ikawa inakaribia kwisha.

Alijaribu tena Jumatatu. Alijaribu Jumanne, akiwa ameweka tofali dogo chini ya kompyuta ili ipate hewa. Siku hiyo ilijizima yenyewe katikati ya mbio. Mwanvita aliogopa. Ilipowaka tena aliiondoa gemu, akafuta meza, akarudisha kila kitu mahali pake. Kwa siku tatu hakuwahi kumaliza hata mzunguko mmoja.

Alhamisi Adila hakuja shule. Saa nne mwalimu wa darasa aliingia akawaambia wanafunzi wasimame kimya kidogo, kwa kuwa mwenzao amefiwa na bibi yake. Bi Sikuzani alikuwa ameamka salama, akaswali, akalalamika kifua, na kabla ya jua kupanda akafariki dunia.

Wenzake walipokaa, Mwanvita alibaki amesimama. Mwalimu alidhani ni majonzi, akamgusa bega. Kumbe msichana alikuwa akihesabu siku. Jumapili alifuta video. Jumatatu Bi Sikuzani alikuwa hai, amekaa barazani kwake akisuka. Jumanne pia, na Jumatano. Katika siku yoyote kati ya hizo, kama angefungua kinywa, shangazi angebeba kamera yake na kwenda kumwomba bibi arudie. Nyumba yenyewe haikuwa mbali, ilikuwa nyuma tu ya mashine ya kusaga.

Kuanzia hapo Mwanvita alibeba jambo lile kila alikokwenda. Adila aliporudi shule, alishindwa kumtazama usoni. Akipewa karanga na Adila, alisema ameshiba. Nyumbani aliacha kutumia kompyuta, na shangazi alipomuuliza sababu alisema macho yanamuuma. Shangazi akamnunulia karoti, akawa anamkatia kila jioni. Mwanvita alizila bila kumtazama.

Mvua zilinyesha, njia zikaharibika, na shangazi alikaa nyumbani akiandika kitabu cha maelezo. Hakurekodi chochote wala hakuzifungua video. Karibu mwezi mmoja ukapita. Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya hitima ya arobaini, mama yake Adila, Bi Ashatu, alikuja nyumbani kwao.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, karibu ndani," Shangazi Habiba alimjibu, akamtandikia mkeka.

"Shikamoo, mama," Mwanvita alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?" Bi Ashatu hakusubiri jibu. Alimgeukia mwenyeji wake. "Dada Habiba, nina ombi. Marehemu mama ameacha mkeka haujaisha. Mkeka wenyewe ulikuwa wa Adila. Nimejaribu kuumalizia, nikifika kwenye ile nakshi yake ya katikati nakwama. Hakumfundisha mtu. Siku zote alisema bado ana muda." Aliurekebisha mtandio wake. "Nikakumbuka kwamba wewe ulimrekodi. Na tukishasoma hitima, ningependa watoto wamwone na kumsikia. Adila ameanza kuniambia kwamba sauti ya bibi inamtoka kichwani."

"Hilo si ombi, ni haki yako," Shangazi alisema. "Subiri nikuoneshe sasa hivi."

Aliiwasha kompyuta. Mwanvita alisimama karibu na mlango wa jikoni. Alimwona shangazi akifungua kadi, akipekua juu na chini, akifungua video moja baada ya nyingine. Wakatokea wazee wengine, wa Kiwangwa na wa kwingineko. Bi Sikuzani hakutokea. Shangazi akaanza upya, polepole zaidi, akinong'ona.

Mwishowe aliweka mikono mapajani. "Bi Ashatu," alisema, "hazipo. Sijui nimefanya nini. Nadhani nilipokuwa napanga faili nilikosea, nikazifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuwahi kuzipeleka ofisini."

Kisha Shangazi Habiba, mwanamke aliyeheshimiwa kijiji kizima, aliteremka kwenye kiti, akakaa mkekani mbele ya Bi Ashatu na kumshika miguu. "Niwie radhi, ndugu yangu. Mama alinifungulia mlango wake, nami sikuitunza amana yake."

"Inuka, dada. Binadamu hukosea," Bi Ashatu alisema, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akaaga, akaondoka bila hata kunywa maji.

Mwanvita aliona yote. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Aliingia jikoni akajifanya anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Asubuhi ya pili, kabla ya kengele, Adila alimsubiri kwenye lango la shule.

"Mama amenituma kwa shangazi yako," alisema. "Anasema asijilaumu sana. Jana aliondoka bila kuaga vizuri, na hakutaka shangazi adhani amekasirika. Nawe usihuzunike. Najua unampenda shangazi yako."

Mwanvita alimtazama rafiki yake. Adila alikuwa amefiwa, amekosa mkeka wake, amekosa sauti ya bibi yake, na bado alikuja kumpoza yeye. Alitamani ardhi immeze. Siku nzima hakuandika chochote darasani, na kengele ya mwisho ilipolia alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani.

Shangazi alikuwa mezani, anajaribu tena kupekua kadi.

"Shangazi, acha kutafuta," Mwanvita alisema akiwa bado anahema. "Si wewe. Ni mimi niliyezifuta. Nilitaka nafasi ya kuweka gemu ya Najim."

Shangazi aligeuka taratibu. "Lini?"

"Ile Jumapili uliyokwenda Kiwangwa."

"Na Bi Sikuzani alifariki Alhamisi."

"Ndiyo, shangazi."

"Ulijua video zile ni za nani?"

Mwanvita angeweza kusema hakujua. Majina yalikuwa tarakimu tupu na hakuna ambaye angembishia. "Nilijua," alisema. "Nilifungua moja nikamsikia. Nikajidanganya kwamba umeshazipeleka Bagamoyo." Hapo alilia, na kilio kilikuwa cha mwezi mzima.

Shangazi Habiba hakupaza sauti, wala hakumkumbatia. Kisha akaizima kompyuta, akachomoa kadi na kuifunga ndani ya karatasi. "Tangu uiondoe gemu, umeweka kitu kingine humu?"

"Hapana."

"Mimi pia sijaweka. Kesho ni Jumamosi, tutaipeleka kwa fundi pamoja na kompyuta. Lakini kwanza tutapita kwa Bi Ashatu. Mimi nimemwomba radhi kwa kosa lisilo langu. Sasa nataka alisikie kutoka kwa mwenye nalo."

"Si tungemwambia baada ya fundi? Labda zitapatikana."

"Na zisipopatikana, utasubiri nini tena?"

Asubuhi yake Mwanvita alitangulia kutoka mlangoni.

Walimkuta Bi Ashatu uani, anapepeta mchele wa hitima. Adila alikuwa kando yake. Mwanvita alipiga magoti akasema yote bila kupunguza: Jumapili, flashi, video aliyoifungua, na siku nne alizokaa kimya wakati Bi Sikuzani yu hai. Ungo uliacha kutikisika. Adila aliinuka, akaingia ndani.

"Nimekusikia," Bi Ashatu alisema hatimaye. Hakusema amesamehe. "Nendeni kwa fundi."

Fundi Shuaibu alikuwa na chumba kidogo mjini Bagamoyo, kimejaa nyaya na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alisikiliza habari yote, akaichomeka kadi kwenye mashine yake, kisha akaigeuza kompyuta ya shangazi juu chini.

"Binti, sogea," alimwita Mwanvita. "Nioneshe feni ya kompyuta hii iko wapi."

Mwanvita alitafuta tundu la feni, hakuliona.

"Haina," fundi alisema. "Imetengenezwa iwe nyepesi, isipige kelele, na betri yake ikae siku nzima. Ni nzuri sana kwa kuandika, kusoma na kutazama video. Ukitaka kucheza bao au karata humo, itakwenda vizuri tu. Lakini gemu ya magari inachora picha nyingi kila sekunde. Inahitaji chombo maalumu cha kuchora picha, kumbukumbu kubwa, na feni ya kupoza. Zipo kompyuta mpakato za aina hiyo, ila ni nene, nzito, na betri yake haichukui muda kwisha. Hii ukiilazimisha, inapata joto, inajipunguza mwendo ili isiungue, na ikishindwa inajizima."

"Ndiyo maana gari lilikuwa linasimama?"

"Ndiyo maana. Ungefuta video zote kumi na moja, bado lingesimama. Tatizo halikuwa nafasi peke yake."

Mwanvita aliinamisha kichwa. Alikuwa amefuta sauti ya mtu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwezekana tangu mwanzo, na kuuliza tu kungetosha kumwambia hivyo.

Mashine ilipekua kadi hadi baada ya adhuhuri. Fundi aliwaita. "Kitu kikifutwa hakitoki mara moja," alieleza. "Kinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Gemu imeandika juu ya sehemu kubwa. Kati ya video nne, mbili nimezipata nzima. Ya tatu imekatika katikati. Ya nne imekwenda, na hairudi."

Hiyo ya nne ndiyo Bi Sikuzani alikuwa akisimulia utoto wake, akicheka hadi kamera ikatikisika kwa kuwa Shangazi naye alikuwa anacheka. Shangazi alimweleza Mwanvita hivyo njiani, kwa sauti tulivu, kisha hakuitaja tena. Siku ile ile, kabla ya kuondoka mjini, walipita ofisini wakanakili kila kilichobaki kwenye kompyuta ya huko.

Siku ya hitima, baada ya dua na chakula, wanawake walikusanyika sebuleni kwa Bi Ashatu. Shangazi aliiweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, akaiwasha. Mikono ya Bi Sikuzani ikatokea, na sauti yake ikaanza. "Hapa ndipo wengi wanapokosea. Unarudisha mbili, unaacha moja."

Bi Ashatu alijifunika mdomo kwa kanga. Adila alisogea mbele hadi pua yake ikakaribia kioo. Waliirudia mara ya pili, na mara ya tatu Bi Ashatu aliuvuta mkeka mapajani, vidole vyake vikafuata vya mama yake. Alirudisha mbili, akaacha moja. Nakshi ikakaa sawa.

Mwanvita alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na viatu, akijiona hastahili kuwa mle ndani. Bi Ashatu alimwita kwa mkono, naye akaenda, macho chini.

"Nitazame, mwanangu," Bi Ashatu alisema. "Siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa na uchungu, na uchungu bado ninao. Kicheko cha mama sitakisikia tena, na hilo hata fundi hakuliweza. Lakini nimekusamehe, na nitakwambia kwa nini. Ulipopiga magoti uani kwangu hukujua kama video zitapatikana. Ulisema kweli wakati haikuwa na faida kwako. Sasa sikia. Kukosea kila mtu anakosea. Kilichotuumiza zaidi ni zile siku nne za kunyamaza. Mtu akikuamini akakupa kitu chake, ukiwa na shaka muulize, na ukiharibu mwambie siku hiyo hiyo, kabla jambo halijawa kubwa kukushinda. Ukisema mapema, aibu yake ni ndogo na mambo yanarekebishika."

"Nimesikia, mama. Sitarudia."

"Shangazi yako naye amejifunza," Shangazi Habiba aliongeza kutoka nyuma. "Kitu cha thamani hakikai sehemu moja tu."

Bi Ashatu aliutandaza mkeka, akamwonesha Mwanvita nafasi kando ya Adila. "Kaa hapo, ushike upande huu. Nataka nanyi wawili mjue kuisuka nakshi hii."

Adila alisogea kidogo kumpisha, akamkabidhi ncha ya ukili, na Mwanvita akaishika.